Neno Alilowapa Wazee

Protus alikuwa kifungua mimba wa mwami, mtawala wa kimila wa ukoo wao magharibi mwa Kenya, na nyumba yao ilikuwa ya Kikatoliki tangu enzi za babu. Mkewe, Selipher, alimwoa kutoka familia ya Waorthodoksi. Siku ya posa baba mkwe, msomaji wa Maandiko katika kanisa lao, alimwomba jambo moja tu: bintiye asiondolewe kanisani mwake. Protus akakubali mbele ya wote.

Bibi harusi hakushindwa na jiko wala shamba. Kilichomponza ni mkono. Kila alipofanya ishara ya msalaba akianzia bega la kulia, si la kushoto kama wao, meza nzima ilimkodolea macho. Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo wa kanisa lake, hakugusa nyama wala maziwa, na mama mkwe akasema anakidharau chakula cha mwami. Protus aliinamia sahani yake. Walipopata kazi Saudia, yeye dereva Riyadh na mkewe mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, alijikuta anashukuru.

Kisha mwami akafa. Wazee wa ukoo wakampigia Protus simu chumbani kwake, mtaa wa Al-Murabba huko Riyadh. Kiti ni chake, wakasema, ila mke wa mwami hawezi kusali kando. Je, Selipher yuko tayari kuingia Ukatoliki?

Protus akajibu kwamba mkewe amekubali. Hakuwa amemuuliza.

Jumapili iliyofuata jambo hilo likatangazwa katika kanisa la Kikatoliki kule nyumbani. Habari zikamfikia baba mkwe kabla ya Selipher kujua lolote, na mzee akaacha kupokea simu za bintiye.

Protus aliposikia hayo, alitafuta nafasi ya kumwona mkewe. Bosi alipomtuma Jeddah, alipitia mtaa wa Al-Hamra, akaegesha nyuma ya jumba la kina madam, mwajiri wa Selipher. Selipher akatoka na mfuko wa taka, amekonda. Akamweleza kwamba mtu amemsingizia kwa baba yake kuwa amehama kanisa, na kwamba anajua ni nani.

“Ni mimi niliyesema,” Protus akamwambia. “Nilikitaka kiti.”

Selipher akauweka mfuko chini. “Na mimi nimemlaani mama yako mwezi mzima.”

Hakulia. Alimwambia awapigie wazee palepale, yeye akisikia. Protus akapiga, akaungama kwamba alidanganya, na kwamba mkewe hataulizwa tena habari za kanisa. Mzee wa ukoo akasema basi kiti atapewa Norman, mdogo wake Protus. Protus hakubisha. Akampigia baba mkwe. Simu ikaita mpaka ikakatika.

Madam akaita kutoka ndani. Selipher akamwambia mumewe asichoke kupiga, akarudi kazini.

Baada ya Pasaka baba yake Selipher alipokea simu ya bintiye, akausikia ukweli, akamwombea. Selipher naye alimpigia mama mkwe, akamtaka radhi kwa kosa ambalo mama hakulijua. Ila simu za Protus, mzee hajazipokea mpaka leo, na Protus hamlaumu.