Usiniandike Mimi

Mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ilipofika kituoni kwetu, upande wa Mbuchi, huku deltani, tulishangilia. Unamfunga mama mkanda, na daktari aliyeko mjini anaona kila kitu kwenye skrini yake, pamoja na faili la uzazi uliopita. Mimi Aika, nesi pekee hapa, nikasema sasa nitapumua.

Wapi! Paswedi ya mashine ilikuwa ile ile ya intaneti ya kituo, nami nilishawagawia majirani wote, maana huku kumnyima mtu mtandao ni kama kumnyima maji ya kunywa. Siku si nyingi wakaugundua ukurasa wa mashine. Mwanamke akishikwa uchungu, kijiji kizima kinajua kabla hajapanda kitandani. Barua kutoka mjini ya kututaka tubadilishe paswedi ilikaa mezani kwangu miezi miwili. Nilichoka, jamani. Kubadilisha kulimaanisha kugombana na kila apitaye mlangoni.

Na watu wa huku uchungu wanauficha. Anayetangazwa ni mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Kabla ya hapo wanaogopa husuda. Ndiyo maana Zena, alipoletwa na dada yake Warda Jumatatu asubuhi, alinishika mkono.

"Nesi, nakuomba, usiniandike mimi. Mara ya kwanza walijua wote, wakanipongeza, mtoto akazaliwa hana uhai."

"Sasa nimwandike nani?"

"Niandike mie," akasema Warda. "Mie nishazaa wanne, nani atahangaika nami?"

Nilikuwa sijalala siku mbili. Nikaandika Warda. Historia ya Zena sikuiuliza. Mashine ilishatuzoesha kutouliza.

Daktari Benedict akapiga simu kutoka mjini. "Huyu Warda hana tatizo, wanne wote salama. Mzalishe hapo hapo. Boti ya wagonjwa naipeleka kwingine."

Adhuhuri mtoto akatoka, wa kike, analia vizuri. Kisha damu. Nilisugua tumbo, nikachoma sindano, nikaweka dripu, haikusimama. Nikampigia daktari.

"Daktari, huyu si Warda. Ni Zena, mke wa Mfaume."

Nikamsikia akibonyeza, analitafuta faili la Zena.

"Aika, Zena alivuja damu vibaya uzazi uliopita. Faili linasema asijifungulie kituoni. Na boti imeshaondoka."

Zena alifariki saa tisa. Warda alikuwa amempakata mtoto, anarudia kwamba yeye ndiye aliyesema aandikwe. Nikamwambia hapana, aliyeandika ni mimi. Mpaka leo naona aibu kumtazama.

Wakaguzi wakaja. Paswedi ikabadilishwa, na sasa hakuna anayegusa faili la mgonjwa bila kibali kutoka juu. Ni sheria nzuri, sibishi. Ila kwenye mashine Warda ndiye aliyejifungua, na Zena bado ni mjamzito. Nimeomba kibali cha kurekebisha mara tatu, sijajibiwa.

Ijumaa baada ya swala, Mfaume alikuja na simu yake, ile ambayo namba yake mkewe aliiandikisha kliniki.

"Nesi," akasema taratibu, "hebu waambie hawa waache."

Nikausoma ujumbe. "Ndugu Zena, sasa una wiki arobaini na mbili. Usikose kliniki Jumanne. Njoo na mwenza wako."