Wazee Wanane Uani

Saa mbili kasorobo asubuhi Maricel Dumlao alikuwa anakaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu, jikoni kwake Panorama City, kitongoji cha mji wa filamu, mama yake alipoingia bila kubisha na kulalamika kwamba mafuta yamezidi. Mama yake, Perlita, alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Alianza kuja siku Maricel alipoandika ukurasa wa kwanza wa filamu iliyomhusu, na tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi, anachechemea na nyonga yake mbovu, kuhakikisha mtoto haongezi chumvi.

Chumvi haikuhitajika. Perlita alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee ambayo mwenye nyumba alizoea kuifunga kwa kufuli ili wazee wasizurure. Ilipowaka moto, Perlita alivunja mlango akawabeba mgongoni wazee kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, hata nyonga ikaharibika. Magazeti yakampiga picha mtoto wa mwenye nyumba, kijana mrefu aitwaye Kyle, aliyefika moto umekwisha, na blanketi mkononi. Kyle akapewa nishani. Perlita akafukuzwa kazi kwa kuvunja mlango.

Maricel alikuwa mwandishi wa filamu kwa miaka kumi na miwili bila filamu hata moja. Alizunguka ofisi za maprodyuza, kila ofisi ikimpa chupa ya maji na kumwambia wameipenda sana hadithi yake, na katika mji ule "tumeipenda sana" ni namna ya kumwonyesha mgeni mlango. Kati ya maprodyuza hao, Shelby Kranz peke yake ndiye aliyekuja mpaka jikoni. Alikula sahani mbili za tambi za pansit, akamshika marehemu Perlita mkono bila kushtuka, akaapa.

"Mama, hadithi yako haitaguswa. Labda niwe nimekufa."

"Kufa si kazi," alisema Perlita. "Kazi ni kushika neno."

Studio ikaununua mswada, na maoni yakaanza kuja. Ndiyo desturi: mwandishi huandikiwa maoni, na asiyeyafuata huwekwa kando, akaletwa mwingine wa kuyafuata. Maoni ya kwanza yalisema miaka sitini na miwili ni mingi mno, mama huyu awe na arobaini.

"Ni umri tu, shosti," Shelby alisema kwenye simu. "Umri ni nini?"

Maricel akabadilisha tarakimu. Kesho yake Perlita aliingia na nywele nyeusi tii, akajitazama kwenye kifuniko cha sufuria, akageuza shingo huku na huku.

"Hili sikatai," alisema.

Maoni ya pili yaliondoa kuchechemea, kwa kuwa kunachelewesha mambo. Perlita alikuja anatembea sawasawa, ila safari hii hakuketi.

"Nyonga yangu iko wapi?"

"Wameitoa, Mama."

"Wameitoa! Na vidole vilivyokuwa kwenye kompyuta, vya nani?"

Maoni ya tatu yalisema wazee kumi na mmoja watawachosha watazamaji. Watatu wanatosha. Kwa hili Maricel alipigana siku mbili, na haki yake apewe.

"Uliapa, Shelby. Hapa hapa jikoni, mdomo umejaa tambi."

"Na nilimaanisha, mpenzi. Lakini angalia wanaodumu mjini hapa. Wote wanajua kuinama. Wagumu sasa ni madalali wa nyumba."

Maricel akainama. Asubuhi wazee wanane walikuwa wamesimama uani, wamevaa nguo za kulalia, wananuka moshi. Maricel akawatolea viti, vikapungua, akaenda kuazima kwa jirani, Bibi Escobedo, ambaye alimpa vitatu na kuomba tu wasimzibie gari.

Perlita aliwatazama kupitia dirishani.

"Yule si Bwana Ohanian? Nilimbeba wa tano. Alinishika masikio njia nzima, akinitukana. Mbona hata hanitazami?"

"Hukumbeba, Mama. Kwenye rasimu hii hukumbeba."

Perlita akalipa dirisha kisogo.

"Mwenye nyumba alinifukuza, sikulia. Magazeti yakanipita kama mlingoti, sikulia. Hao walikuwa watu baki." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Maricel alilia pia, kisha akaoga, maana alikuwa na kikao saa nne.

Katika kikao aliambiwa kwamba mwigizaji mmoja maarufu ameukubali mswada, mradi shujaa awe Kyle. Shelby alikwisha kukubali tangu wiki iliyopita. Hakuinua macho kwenye makaratasi yake alipolisema hilo, akaongeza kwamba studio inampa Maricel filamu nyingine mbili baada ya hii, kazi ya miaka mitano, tena jina lake litaandikwa peke yake kama mwandishi.

Ingependeza kusema Maricel alikataa. Alirudi nyumbani, akapita katikati ya wazee, akafunga dirisha kwa sababu ya moshi, akaandika hadi jioni. Na aliandika vizuri. Hakuwahi kuandika vizuri hivyo maishani mwake.

Asubuhi mlango ulibishwa. Alikuwa kijana mrefu, na blanketi limekunjwa mkononi, akauliza kwa adabu kama hapa ndipo kwa mwandishi. Maricel akamkaribisha kwenye kiti cha mama yake. Kijana akaketi, akanyoosha miguu, akatazama jikoni hadi macho yake yakafika kwenye mlango wa jokofu, palipobandikwa picha ya mwanamke mnene, mwenye mvi, ameegemea fimbo.

"Huyu mama ni nani?"

"Alikuwa kwenye rasimu ya kwanza," Maricel alisema.

Kijana akaikaribia picha, akaitazama kwa makini, kama mtu mwenye nia njema.

"Sikumbuki kumwona siku ya moto," alisema.