Lifti Arobaini za Mbao

Kazini walimwita Mama Kamba, kwa sababu hakuwa tayari kuamini kamba ya chuma ya lifti mpaka aipapase kwa vidole vyake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Miaka kumi na tisa ya ufundi, na hakuna lifti aliyoifunga yeye ikaleta maafa. Kwa hiyo kampuni ilipopata kazi mbili ng'ambo, kila moja ya miaka miwili, ilimpa heshima ya kuchagua kwanza. Mume ruksa kuandamana naye. Fomu irudi Ijumaa, saa sita mchana.

Nchi zote mbili hakuwahi kuzikanyaga. Ya kwanza ilikuwa ya joto, yenye majengo mapya ya vioo na lifti zinazoendeshwa na kompyuta, na lugha yake ilikuwa na maneno chungu nzima yanayofanana na yetu. Ya pili ilikuwa mbali kweli, baridi ya kugandisha meno, na lugha ambayo hata salamu yake ilikuwa ndefu kama barua. Lakini huko kulikuwa na mji wa kale wenye lifti arobaini za mbao, zenye milango ya wavu wa shaba inayokunjwa kwa mkono, na zote zilitakiwa zifufuliwe. Mama Kamba alipoiona picha ya mojawapo, moyo ulimruka. Niseme ukweli tu: aliitaka kazi ile mpaka chai ikampoa mkononi.

Tatizo lilikuwa mume. Alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio, maana hanyamazi tangu anafungua duka hadi anafunga. Watu walipita vinyozi wawili wazuri ili waje kwake, na si kwa ajili ya mkono wake, ambao ulikuwa wa kawaida, bali kwa ajili ya maneno. Sasa mtu kama huyo umpeleke mahali ambapo hawezi hata kumwambia mteja ainamishe kichwa? Mama Kamba aliona huko ni kumkata ulimi mchana kweupe. Mama mkwe naye alikuwa ameshapiga simu.

"Mwanangu, huko kwenye barafu watu wanaoga lini?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Redio mwenyewe, kila akiulizwa, alikuwa na jibu moja: "Popote utakaposema, mama, mimi nipo." Mkewe akalisikia jibu hilo kama la mtu anayejikaza kisabuni. Ndivyo alivyo Mama Kamba. Kamba ataipapasa siku nzima, lakini mume wake mwenyewe akamkisia tu.

Basi Ijumaa asubuhi akapanda kwenye chumba cha mota, juu kabisa ya jengo walilokuwa wanalishughulikia, akaweka fomu juu ya sanduku la vifaa, akapiga moyo konde na kuchagua nchi ya joto. Akateremka nayo haraka kwa msimamizi wake, kabla hajabadili nia.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza kazi mikononi mwa Mama Kamba kabla hajapandishwa cheo, na hakuwa amesahau. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Sababu za kuchagua. Mume wangu ataielewa lugha. Mume wangu hapendi baridi. Mume wangu atapata wateja mapema." Akamtupia jicho. "Mama Kamba, kwani tunampeleka kinyozi?"

"Bosi, wewe pokea fomu."

"Sipokei. Hili ni lile kosa langu la mwaka wa kwanza, na ulinigombeza mbele ya watu. Nilipakia vyuma vya upande wa pili kabla sijapima chumba."

Mama Kamba alilikumbuka vizuri. Kila lifti ina vyuma vizito vinavyoning'inia upande wa pili, vya kusawazisha uzito wa chumba wanachopanda watu. Siku ile msimamizi, wakati huo bado mwanafunzi wake, alivijaza bila kupima, na breki ilipoachiwa lifti tupu ikakimbilia juu yenyewe.

"Humu umemjaza mumeo tu," msimamizi akasema. "Wewe mwenyewe uko wapi? Na yeye umemuuliza, au umemkadiria? Saa nne hii. Nenda kwanza."

Akaiacha fomu mezani, akaenda, hasira zimemjaa, maana hakuna kinachouma kama kusahihishwa na mwanafunzi wako. Dukani alimkuta Redio katikati ya kisa, mashine ya kunyolea inanguruma, na kichwa cha mwalimu mmoja wa jirani kimenyolewa nusu.

"Nimejaza kule kwenye joto kwa ajili yako," akasema kutoka mlangoni, bila salamu. "Lakini mimi nataka kule kwenye baridi. Naumia. Nimeona nikwambie."

Redio akanyamaza. Mwalimu akageuka kutazama kama kuna usalama.

"Ile picha ya lifti ya mbao," Redio akasema hatimaye, "umenionyesha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara sita, mke wangu. Mara ya tano ulinionyesha bawaba peke yake. Yale majengo ya vioo ulinionyesha mara moja, tena baada ya mimi kuuliza. Kiti hiki nimeshakitafutia kinyozi mwingine tangu wiki iliyopita. Wateja wote wanajua."

"Ni kweli, shemeji," mwalimu akasema. "Tulidhani na wewe unajua."

Mama Kamba akakaa kwenye benchi la wateja, akacheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema najikaza kwa ajili yako, ungeng'ang'ania joto mpaka mwisho."

Mama Kamba akajipangusa machozi.

"Na huko utaongea na nani, baba?"

Redio akafikiri, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea.

"Naogopa, sikufichi. Nitakaa miezi kama bubu. Lakini miaka kumi na tisa unarudi nyumbani na grisi hadi viwikoni, na anayeongea ni mimi. Sijui hata siku zako zinakwendaje. Huko ongea wewe."

Akarudi kwenye kichwa cha mwalimu. Mama Kamba akatoa simu, akampigia msimamizi palepale, mbele ya watu, akamwambia achane ile fomu. Anakwenda kule mbali. Msimamizi akamuuliza sababu, na Mama Kamba akaanza kuzieleza, moja baada ya nyingine, zote zake.

Redio akazima mashine ili asikie vizuri.