Mama Wawili wa Njia ya Teixido

Saa moja asubuhi Amaro aligonga jiwe la kaburi la mama yake mara tatu, akavua kofia, akasema, "Mama, leo tunakwenda Teixido kwa Mtakatifu Andrea. Karibu tufuatane." Mkewe, Otilia, alisimama nyuma yake na kikapu chenye mkate wa mahindi, jibini, soseji na chupa ya maji. Chakula kilikuwa cha watu watatu, kwa sababu aliyealikwa hula.

Bi Dorinda alitoka kaburini kabla mwanawe hajarudisha kofia kichwani. Alivaa kitambaa chake cheusi na viatu alivyozikwa navyo, ambavyo vilikuwa vikimbana.

"Mmechelewa," alisema. "Misa ni saa saba."

Alifariki Februari bila kufika Teixido, na safari ile hasamehewi mtu: asiyekwenda akiwa hai atakwenda akiwa mfu. Mfu mwenye watu wake hualikwa na kusindikizwa. Asiyealikwa hujiendea mwenyewe, kwa miguu ya mnyama atakayepewa umbo lake, na akibebwa hata hatua moja anarudishwa alikoanzia.

Bi Dorinda alitembea mpaka darajani, akasema magoti yamegoma. Amaro alitazama milima. Otilia akainama akampakia mgongoni, kama alivyofanya miaka kumi na miwili, kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni. Wafu si wepesi kama watu wanavyodhani. Naye Otilia alitaka kitu kimoja tu siku ile: kabla hajaingia kwa mtakatifu, mama mkwe amwambie asante. Hata kwa kununa.

"Usinitikisetikise," alisema Bi Dorinda. "Mimi si gunia la viazi."

"Gunia halisemi, Mama."

Amaro alicheka peke yake.

Saa nne na nusu, pale njia inapotoka kwenye mikaratusi na kushika barabara ya gari, Otilia alimwona mjusi pembeni. Alikuwa akielekea Teixido kama wao, polepole, na kila baada ya hatua chache alisimama kupumua. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulikosa kidole cha mwisho. Delfina, mama yake Otilia, alijikata kidole kama hicho cha mkono wake wa kushoto akiwakatia nguruwe majani ya tanipu.

"Huyu ni mama yangu," alisema Otilia.

Amaro aliinama akatazama. "Ndiye," alisema. "Ametoka kaburini kwake Fonsagrada mpaka hapa. Lo, pole, Mama." Akamimina maji kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka chini. Mjusi alikunywa.

Delfina alikuwa amefariki miaka minane iliyopita. Siku ya mazishi Bi Dorinda alikuwa na homa na hapakuwa na wa kubaki naye, kwa hiyo Otilia alifika jioni, kaburi limekwisha kufunikwa. Kila mwaka alisema aende akamwalike mama yake, na kila mwaka Amaro alisema mwaka ujao.

"Tutakosa misa," alisema Bi Dorinda kutoka mgongoni.

Otilia alimshusha. "Amaro, mbebe mama yako."

Amaro alimpakia, akayumba. "Kumbe mzito hivi?"

"Miaka kumi na miwili," alisema Otilia.

Waliondoka. Otilia alibaki akitembea na mjusi, hatua moja kisha kusubiri. Alimmegea jibini. Aliondoa vijiti na mawe njiani. Mara mbili alinyoosha mkono amwinue, na mara mbili akaurudisha nyuma ya mgongo na kuushika kwa mkono mwingine. Alimweleza habari za homa ile, na barabara ya siku ile, na basi lililoharibika, ingawa hakuulizwa. "Nisamehe, Mama," alisema. Mjusi alipumua, akaendelea. Mpaka saa kumi walikuwa wamepita kona mbili.

Basi la kurudi liliteremka kutoka Teixido likasimama. Amaro alichungulia mlangoni, mikononi ana tawi la ukumbusho wa mahujaji, lenye sanamu ndogo za unga wa mkate zilizopakwa rangi, mgongoni hana mtu.

"Amefika salama," alisema.

"Alinitaja?"

Amaro alikuna shingo. Hakujua kudanganya, na hilo lilikuwa jema lake. "Alisema, asante mwanangu kwa kunibeba. Na kwamba kikapu chako kilimuumiza goti."

Otilia alikiangalia kikapu.

"Panda basi, mke wangu. Ng'ombe hawajakamuliwa. Mwaka ujao tutakwenda kumwalika mama yako."

"Kumwalika wapi? Kaburini hayupo, yuko hapa."

"Basi mwaka ujao tutakuja tumtazame amefika wapi."

Otilia aliacha kipande cha mkate juu ya jiwe, mbele kidogo ya mjusi, ili awe na sababu ya kufika hapo. Kisha akapanda, kwa kuwa ng'ombe kweli walikuwa hawajakamuliwa, na mkamuaji alikuwa yeye.

"Dereva, mama yangu yuko barabarani hapo."

"Upande gani?"

"Kulia."

Dereva alibana kushoto akaenda taratibu, kama wanavyoendesha madereva wote wa njia ile. Otilia alitazama nyuma kwa kioo. Mjusi hakugeuka, mbele yake kulikuwa na kilomita tatu za kupanda.