Watoto wa Kuazima

Katika wilaya ile ndogo, shule ziliazimana vitu kama majirani wanavyoazimana chumvi. Kengele ikipasuka hapa, inaletwa ya kule. Ramani ya dunia ilikuwa moja tu, na ilizungushwa shule zote mpaka bahari zikachanika kwenye mikunjo. Na mkaguzi akija, waliazimana hata wanafunzi. Sare ni ileile, nani atajua?

Safari hii ofisi ya elimu ilikuwa imetangaza waziwazi kwamba shule yenye madarasa matupu itafungwa. Mwalimu mkuu wa shule ya barabarani akashikwa na kiwewe, maana wazazi walikuwa wakihama na watoto wao kufuata vibarua. Akaenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa mtu baki. Ni mdogo wake, tumbo moja.

"Mdogo wangu, niazime watoto wako kesho. Maji yamenifika shingoni."

"Na kwangu je, dada?"

"Kwako nani atafika na daraja lile bovu? Wakaguzi wanaogopa matope kuliko dhambi. Zamu yako ikija, na mimi nitakuletea wangu."

Mdogo mtu akacheka. Tangu utotoni hakujua kumkatalia dada yake. Kesho yake asubuhi aliwavusha watoto mwenyewe, wengine na viti vyao kichwani, kisha akarudi kwake.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, viatu vinang'aa. Alikuta madarasa yamejaa mpaka madirishani, akasifu, akasifu tena. Mwalimu mkuu akavimba kichwa. Walipokaa ofisini kunywa chai, mkaguzi akasema, "Nasikia daraja limetengenezwa. Nikitoka hapa napitia kule ng'ambo. Yule si mdogo wako?"

Hapa ndipo mimi ningemshika mabega nimtikise. Neno moja tu lilitakiwa: watoto wake wako hapa. Walikuwa chumba cha pili, wanaimba hesabu za kuzidisha kwa sauti zao zote. Angekemewa, angeaibika, lakini aibu ya siku moja mtu huimeza. Yeye akashindwa kuimeza hata hiyo.

"Ndiye," akasema. "Karibu sukari."

Yaliyofuata aliyasambaza dereva wa mkaguzi, maana dereva yule na siri ni mbalimbali. Walimkuta mdogo mtu amefunga kitambaa kichwani, anapiga deki darasa lisilo na mtu wala kiti.

"Watoto wako wapi, mwalimu?"

Akaangalia gari, kisha barabara gari lilikotoka, akaelewa. Gari lile lilitoka kwa dada yake, na dada yake alikuwa ameliacha lije. Angesema ukweli, dada yake angemwaga unga siku hiyohiyo.

"Hawakuja leo, mzee."

"Wote?"

"Wote."

Jioni alikwenda kuwachukua watoto. Dada mtu alikuwa amemsubiri mlangoni, akiomba moyoni apigiwe makelele, atukanwe, avuliwe nguo mbele ya walimu wake. Mdogo wake alisema tu, "Asante kwa kunitunzia," akawapanga watoto mstari, akaondoka nao.

Muhula ulipofunguliwa, shule ya ng'ambo ilikuwa imefungwa, na watoto wake wamehamishiwa shule ya barabarani. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni awaonyeshe pa kukaa. Hakukuwa na haja. Kila mtoto alikwenda moja kwa moja mahali alipokaa siku ile. Binti mmoja mdogo akageuka akauliza, "Mwalimu, leo mkaguzi anakuja tena?"

Walimu wakainamisha vichwa. Mwalimu mkuu alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, ikakataa.

"Haji," sauti ikajibu nyuma yake. "Hapa sasa ndipo shuleni kwetu."

Alikuwa mdogo wake, mwalimu wa kawaida sasa, boksi la chaki mkononi. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nimepangiwa darasa lipi, Mwalimu Mkuu?"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa adabu, kama anavyosema mgeni aliyeripoti kazini. Mwalimu mkuu akafungua mdomo amwambie, niite dada. Akaona haya kuliomba jina hilo, akamwonyesha darasa kwa kidole.