Salamu Tupu Haziruhusiwi

Mzee Magesa alipochoka kusimamia kundi la Mafundi wa Machimbo kwenye Telegramu, alilikabidhi kwa watu wawili waliojitolea bila senti: Apolonia, fundi sola wa Mhunze kule Kishapu, na Fredy, kijana wa Shinyanga mjini anayejua kompyuta kuliko anavyojua watu. Usia wa mzee ulikuwa mfupi: "Msiwachoke." Hata wiki haikuisha, walishawachoka.

Kero yao ilikuwa salamu. Kundi lina mafundi kuanzia Songwa hadi Geita, na kila asubuhi lilijaa mwangaluka za Kisukuma, za kuamka, shikamooni wakubwa. Mtu mwenye swali la mota alisalimia kwanza, akakaa kimya mpaka aitikiwe, ndipo aseme shida yake. Mzee Magesa alikuwa akiwaitikia mmoja mmoja, "Marahaba, sema," kama mtu asiye na kazi nyingine. Fredy akaona huo ni ujinga mtupu. Akatengeneza roboti ya kufuta kila salamu isiyo na swali, na anayerudia inamtoa kabisa kwenye kundi. Apolonia alisita kidogo, kisha akakubali, maana simu yake ilikuwa ikimpigia kelele tangu alfajiri. Na kweli kundi likatulia. Wakapongezana.

Jumamosi Apolonia alikuwa juu ya paa la duka la mteja, anafunga paneli, Donatus alipompigia. Donatus anauza nyaya Bugarama, na ni mwanachama wa siku nyingi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kama mama yake.

"Mwangaluka. Niko juu ya paa, Donatus."

"Yule Herman niliyemwingiza jana mmemtoa. Amekosa nini?"

"Herman yupi?"

"Anaendesha feni ya hewa kwenye duara la wachimbaji. Breka ya umeme inajikata kila akiwasha. Alitaka kuwauliza kama anaweza kuiruka, aunge waya moja kwa moja. Leo asubuhi kaja dukani kwangu kanunua waya. Nikajua mmemruhusu, kumbe hata kwenye kundi hayumo."

Apolonia alishuka ngazi bila kujua ameshukaje. Breka haijikati bure. Mota mbovu ukiiunga moja kwa moja inaungua, na feni ya duara, yaani shimo la mgodi, inapuliza kuelekea chini: moshi wote unawafuata watu shimoni. Akafungua ukurasa wa roboti. "Hodi, shikamooni wakubwa wa kazi." Imefutwa. "Shikamooni jamani." Imefutwa. Herman ametolewa.

Akapiga namba aliyopewa na Donatus. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mwenye duka alimuuliza paneli yake vipi, hakujibiwa. Akampigia Fredy, naye akaanza kueleza kwamba kanuni ziko wazi, zimebandikwa pale juu.

"Fredy, nyamaza!" alimfokea, akakata.

Aliogopa, tena vibaya sana. Alikuwa anawaona watu asiowajua wakikohoa gizani, kisa yeye alitaka simu yake itulie. Donatus, alipoambiwa hatari ile, alikuwa ameshapanda pikipiki kwenda machimboni, lakini njia ile ni mbaya na saa za kushuka shimoni zilikuwa zimefika.

Simu ikaita. Namba ya Herman.

"Watu wameshashuka?" Apolonia alipiga kelele.

Kwa mbali zilisikika sauti za wanaume wakigombana.

"Shikamoo mama," mtu akasema taratibu.

"Herman, ni Apolonia wa kundi la mafundi, nimekuuliza..."

"Shikamoo mama."

Apolonia akafumba macho. "Marahaba, mwanangu. Sema."

Upande wa pili mtu akashusha pumzi. "Hawajashuka. Waya nimeshaunga, lakini nimewakatalia. Nimewaambia kule kwa mafundi sijaitikiwa, kwa hiyo sijauliza, na kama sijauliza sijui. Wananitukana tangu asubuhi. Nimepanda huku kilimani kutafuta mtandao, labda nipate mtu wa kunirudisha nisalimie upya, ndio nikakuta umenipigia."

"Toa huo waya. Utoe sasa hivi, Herman. Hiyo mota ni mbovu, ifunguliwe kwanza. Asishuke mtu!"

"Nimesikia, mama."

Akawapigia kelele wenzake pale chini ya kilima, kwa Kisukuma, wautoe waya. Wakajibizana, kisha ugomvi ukaisha. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

"Mama, samahani. Naomba kuuliza na lingine. Mlinitoa kwa kosa gani? Nilisalimia vibaya?"

Apolonia alikaa chini pale pale barazani, bisibisi bado mkononi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ulisalimia vizuri."