Yai Lililozama

Kabla hata hajatua begi, Profesa aliona mambo yameharibika. Maji ya kwenye pipa, aliyoyaacha mekundu kama juisi ya tikiti, sasa yalikuwa yamepauka, na povu juu.

"Karibu, mwanangu! Mama anaendeleaje?" Shangazi, mfagizi wa karakana, aliuliza.

"Ana nafuu. Kesho anatoka hospitali."

Hakuna chuo kilichompa uprofesa. Jina hilo alibandikwa na Shangazi siku alipomfuma akiongea na pipa.

Miaka miwili sasa alikuwa akifuga humo vijidudu vipenda chumvi. Ukivilisha wanga vinanenepa, na unene huo ni plastiki, ile ambayo ukiifukia inaoza. Shangazi aliwahi kufukia mfuko mmoja kwenye kopo la maua yake, akawa anaufukua kila Jumapili kuuchungulia, mpaka siku moja asiuone. Alicheka hadi machozi. "Mfuko umekufa kama watu!"

"Na wanao nimewatunza," alisema sasa. "Kila asubuhi naongeza maji mpaka kwenye alama, kama ulivyoandika."

Karatasi ilikuwa bado ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Maji yakipungua, ongeza ya bomba mpaka kwenye alama.* Jua likinyonya maji, chumvi hubaki, na jagi moja tu hurudisha hali.

"Yalikuwa yanapungua kiasi gani, Shangazi?"

"Siku ya kwanza jagi. Halafu ndoo. Jana ndoo tatu! Nikasema, hawa watoto wana kiu."

Profesa alichutama. Koki ya chini ilikuwa inavuja, na ukoko mweupe wa chumvi ulitambaa sakafuni hadi mferejini. Maji yalikuwa yakitoka na chumvi yake, na Shangazi akirudisha maji matupu.

Alichukua yai lao la kupimia chumvi. Siku zote lilielea, nusu nje. Alilitua taratibu. Likazama, likagonga chini.

Vijidudu hivi vikikosa chumvi havilali. Vinapasuka. Alichovya kidole, ukamfuata ute kama wa yai bichi.

"Si una chupa yao ya akiba?" Shangazi aliuliza.

"Niliimimina humu kabla sijaondoka. Nilitaka viongezeke haraka, watu wa kiwanda cha plastiki wavione Ijumaa."

"Basi twende ulikovitoa."

"Kile kidimbwi cha chumvi kilifukiwa, Shangazi. Siku hizi wanaegesha malori hapo."

Shangazi alichungulia pipani. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nimewaua?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Karatasi haikubeba ndoo."

Profesa aliinuka amjibu. Shangazi alikwishaondoka. Alirudi akiburuta gunia la chumvi, akalipasua kwa meno, akaanza kumimina na kukoroga kwa ubao, jasho likimtoka.

Profesa alitaka kumwambia aache. Kilichopasuka hakishonwi kwa chumvi. Alifungua kinywa, akamwona alivyoukaza mdomo, akashindwa. Akaikaza koki, akashika upande wa pili wa ubao.

Walikoroga mpaka gunia likabaki tupu. Maji yakatulia. Chini kabisa yai likatikisika, likapanda polepole, likatokeza kichwa.

"Limeelea!" Shangazi alimshika mkono. "Profesa, ona, limeelea!"

Profesa aliliona. Aliendelea kulitazama, kwa sababu hakuweza kumtazama yeye.